Injini Inayosita Unapokanyaga Mafuta

Swali: Gari langu la zamani, lenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), hunguruma vizuri likiwa limesimama, lakini nikikanyaga mafuta ghafla injini husita kabla ya kuchukua kasi. Je, nibadilishe plagi?

Jibu: Plagi hulaumiwa mno kwa hitilafu ya namna hii, kwa hiyo usinunue chochote kwanza. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, mbali na moto wowote, ondoa chujio la hewa, kisha sukuma kwa mkono wenzo wa mafuta, ule unaovutwa na pedali, huku ukichungulia ndani ya kabureta: petroli inapaswa kuruka papo hapo kwa mkondo mwembamba, na isipotokea au ikichelewa, pampu ndogo ya kuongezea mafuta imechakaa au tundu lake limeziba. Mkondo ukiwa mzuri, kagua kama kuna mabomba ya mpira ya hewa yaliyopasuka, halafu majira ya cheche, yaani wakati plagi inapotoa cheche, kwani cheche inayochelewa huleta dalili hiyo hiyo.