Mwanangu hakushika panga, lakini amefungwa maisha

SWALI: Wakili, mwanangu yuko gereza la Kamiti. Mwaka 2012, akiwa na miaka 20, aliwabeba vijana wawili kwa pikipiki wakadai deni kwa mtu. Wao waliingia, yeye akabaki nje. Yule mtu alikatwa panga akafa. Mwaka 2015 wote watatu walihukumiwa kifo, 2016 Rais akawapunguzia ikawa maisha. Rufaa yake haijasikilizwa. Sasa kuna mtu anataka elfu themanini: ati mwanangu aondoe rufaa, aingie “Muruatetu”, yaani aombe kuhukumiwa upya, atoke. Binti yangu naye amesoma kwamba California asiyeua hufutiwa kesi. Nifanye nini? – Mama, Kayole.

JIBU: Mama, pole sana. Huyo mtu usimpe hata shilingi. Hakuna wakili wala broka awezaye kuahidi “atatoka”.

Alichosoma binti yako ni kweli, lakini ni cha huko. Sheria ya California ilipitishwa 2018, ikaanza kutumika Januari 2019. Mfungwa akionekana hakuua, hakukusudia mtu afe, wala hakuwa mshiriki mkuu aliyepuuza uhai wa mtu, hatia yenyewe ya mauaji hufutwa. Kwetu Kenya, kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu kingali palepale: mkipanga jambo haramu pamoja, na kosa lililotokea likawa ni tokeo la kutarajiwa la mpango huo, kila mmoja wenu amelitenda.

Kilichobadilika hapa ni adhabu. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema jaji hawezi kulazimishwa kutoa hukumu ya kifo kwa kila aliyeua. Julai 2021 ikafafanua kwamba hilo ni la mauaji tu, si wizi wa mabavu. Kwa hiyo mwanao anaweza kuomba, Mahakama Kuu, ahukumiwe upya. Ila hatia haiguswi. Jaji hataulizwa tena kama alistahili kuitwa muuaji. Atapima miaka tu.

Na hapa ndipo ninapoogopa. Ni kweli Mahakama Kuu haitasikiliza ombi hilo mpaka rufaa iondolewe. Lakini rufaa ndiyo mahali pa kusema, “Mimi sikujua wamebeba panga.” Akiiondoa, ameuachilia mlango huo. Broka hakukwambia, kwa sababu hasara si yake.

Akichagua kuhukumiwa upya, ajiandae vizuri. Jaji ataangalia umri wake wakati ule, kama lilikuwa kosa lake la kwanza, majuto, na alivyobadilika. Vyeti vyote vya gerezani viwekwe pamoja, hata cha useremala, na barua ya kasisi. Miaka aliyokaa rumande, 2012 hadi 2015, lazima izingatiwe, aiandike. Sehemu yake katika tukio aieleze bila kujisafisha: niliwapeleka, nilingoja nje, mtu akafa. Anayesimama kortini kuomba kupunguziwa huku akisema hakufanya lolote huonekana hajajuta.

Afisa wa probesheni atakuja ploti kwenu, atamwona chifu, kisha ataenda kwa familia ya marehemu. Mama, huko nako kuna mzazi aliyezika mtoto, na neno lake litasomwa mbele ya jaji. Kama hamjawahi kwenda kuwapa pole, tafuteni wazee au mchungaji awatangulie. Msiende na bahasha ya kununua kauli. Nendeni kwa sababu mnawiwa, hata kama hawatawafungulia.

Si lazima mlipie kuandikiwa ombi. Kamiti wapo wafungwa waliosomea usaidizi wa sheria na wanaandikiana, na ipo Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

Ukienda kumwona, mwulize: alijua wenzake wana panga? Kama hakujua, na ushahidi kortini haukuonyesha kwamba alijua, mimi ningeishikilia rufaa na kudai isikilizwe. Kama alijua, basi aombe miaka. Asitie sahihi karatasi ya mtu yeyote kabla hamjalizungumza hilo.