Turbo inavuja oili? Kabla hujaihukumu, anzia hapa

Wadogo zangu mnaoanza ufundi, hili la turbo (kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kisukume hewa kwenye injini) kuvuja oili naomba mlichukue taratibu maana ndipo hela za wateja zinapopotea bure. Gari inaletwa, upande wa turbo umelowa, fundi anachungulia kidogo anasema turbo imekufa, mteja ananunua nyingine inafungwa, haichukui muda inavuja vile vile na hapo ndo wanaanza kusema ni feki. Mara nyingi hata ile ya kwanza haikuwa na kosa.

Elewa kwanza humo ndani kukoje. Oili inaingia kwenye turbo kwa presha ya pampu, inapita kwenye beringi, halafu inarudi sampu (bakuli la oili chini ya injini) kwa kuteremka yenyewe tu, hakuna kinachoivuta, ndo maana bomba la kuingizia ni jembamba na la kurudishia ni nene. Na zile sili za shafti sio za mpira kama sili ya krenki, ni viringi vya chuma mfano wa ringi za pistoni, na vinategemea presha ya hewa na ya ekzosi kwa pembeni iwe kubwa kuliko ya katikati. Kwa hiyo oili ikikosa pa kushukia inajaa pale kati na itapenya tu, hata turbo iwe imetoka kwenye boksi leo.

Sasa kazi. Osha eneo lote likauke, washa gari iendeshwe kidogo, kisha tafuta kuanzia juu kwenda chini, kwa sababu oili inatiririka na ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) inaweza kudondokea turbo ukadhani imetoka hapo. Angalia bolti ya bomba la kuingizia na washa zake (vile viringi bapa) za shaba, hizo hazirudiwi, ukifungua weka mpya.

Kama nje ni pakavu ila gari inatoa moshi wa bluu, fungua hozi za hewa. Utando mwembamba wa oili usikutishe, unatoka kwenye brida (njia ya injini kupumulia) na ni kawaida. Ukikuta hozi imelowa kabla hata ya kufika kwenye feni ya turbo basi hiyo ni oili ya brida, turbo muache. Upande wa ekzosi nao hivyo hivyo, fungua uangalie manifoldi: ikiwa matundu yanayotoka kwenye injini yameshalowa, oili inatoka kwenye injini yenyewe, ringi au sili za valvu. Yakiwa makavu na baada ya turbo kumelowa, hapo ndo una haki ya kuishuku turbo.

Na hata ukiishuku, usiifungue bado!! Vua bomba la kurudishia ulitazame ndani, limeganda masizi ya oili? limepinda? kuna mtu alipaka silikoni kwenye gasketi ikaziba tundu? (silikoni pale msiweke kabisa jamani, narudia kabisa). Halafu presha ya ndani ya injini, brida ikiziba au ringi zikichoka presha inapanda kwenye sampu na oili ya turbo inashindwa kushuka. Ea klina (chujio la hewa) iliyoziba nayo inafanya feni ivute oili kutoka kwenye beringi. Oili iliyojazwa kupita alama ya stiki ya kupimia pia, na gari inayoachwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) muda mrefu inaweza kuvuja kidogo bila ubovu wowote.

Mwisho kabisa ndo shika shafti, injini ikiwa imepoa. Ikicheza kidogo kwenda pembeni sio kesi, hizo beringi zinaelea kwenye oili, lakini ukiivuta na kuisukuma mbele nyuma ukasikia inagonga, au feni ina alama za kukwaruza nyumba yake, hiyo imeisha.

Ukibadilisha, mwaga na osha oili iliyobaki kwenye intakula (kipoza hewa inayotoka turbo) na mabomba yake, usipofanya hivyo moshi utaendelea na mteja atarudi amekasirika, na kwenye dizeli ni hatari kweli kweli, injini inaweza kuunguza hiyo oili ikapanda mizunguko yenyewe na ukizima ufunguo isizime. Mimina oili safi kwenye tundu la turbo kabla hujafunga bomba, kisha zungusha injini kwa stata bila kuiwasha mpaka presha ya oili ipatikane.