Nane za Dionysius si nane zetu

Swali: Mwalimu alituambia kwamba aina nane za maneno, kuanzia nomino hadi kihisishi, zilipangwa na Mgiriki wa kale. Ni kweli? Na kwa nini "wazuri" katika "Wazuri wamefika" huitwa kiwakilishi, si kivumishi?

Jibu: Mwalimu wako kapatia nusu. Mgiriki huyo ni Dionysius Thrax wa karne ya 2 KK, mwanafunzi wa Aristarchus huko Aleksandria, ambaye baadaye alifundisha katika kisiwa cha Rhodes. Kijitabu chenye jina lake, Tekhne Grammatike, kinataja aina nane kweli (ingawa wapo wataalamu wanaoshuku kama sehemu hiyo ni ya mkono wake). Hesabu ni ile ile. Waliomo ndio tofauti. Yeye ana neno dogo linalotangulia jina, kama "al" ya Kiarabu, ambalo sisi hatuna. "Lo!" na "ole" za Kigiriki kazitia kwenye vielezi, Warumi ndio waliokuja kukitenga kihisishi.

Na kivumishi? Hakimo kabisa. Kwake neno la sifa ni tawi la nomino, maana kwa Kigiriki hubadilika umbo jinsi jina linavyobadilika. Sasa tazama kwetu: mtu mzuri, kitu kizuri, watu wazuri. Jina na sifa vimevaa sare moja! Nadhani Dionysius angekitazama Kiswahili na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Vitabu vyetu vya shule hupima kwa kazi ya neno katika sentensi. "Watu wazuri wamefika": nomino ipo, basi "wazuri" inaivumisha. Ukiiondoa nomino, "wazuri" inakaa mahali pake, na kukaa mahali pa jina ndiko kuwakilisha. Hata Wagiriki waliita aina hiyo antonymia, yaani "badala ya jina".

Mimi kipimo hicho nakikubali kwa shingo upande. "Mtoto mgonjwa amelala" ina kivumishi, sawa. Lakini "Mgonjwa amelala"? Hapo sijasikia mtu akisema kiwakilishi. Kila mmoja husema nomino. "Tajiri" na "maskini" ni vivyo hivyo. Mbona "mzuri" anyimwe?

Kwenye mtihani andika kiwakilishi, upate alama yako. Ukitoka, mpelekee mwalimu huyo "mgonjwa".