Baridi ya Mbeya, watoto wa kutembea na hofu ya nimonia

Swali: Daktari, shikamoo. Tunaishi Uyole na tuna watoto wa miaka minne na saba. Baba yao anataka likizo ya mwezi wa sita twende nao Ziwa Ngozi, kwa kuwa wanashinda ndani wakitazama televisheni, na tukiwatoa wanalalamika kuchoka. Mimi naogopa baridi itawapa nimonia, hasa mdogo ambaye kila mara anakohoa. Jirani anashauri akatwe kimeo kwanza. Nifanyeje watoke, wafurahie na wasiugue?

Jibu: Marahaba, mama. Nimonia huletwa na bakteria na virusi ambavyo mtoto huvipata kwa watu, na hakuna mahali panaporahisisha kazi hiyo kuliko chumba kilichofungwa madirisha, ambamo watu sita wanavuta hewa ileile tangu magharibi hadi alfajiri. Ni kweli kwamba hewa baridi na kavu hupunguza kidogo ulinzi wa pua, na kwamba mtoto mwenye pumu anaweza kubanwa kifua akikimbia kwenye baridi, lakini upepo wa milima ya Uporoto peke yake haumpi mtoto nimonia. Nalirudia jambo hili kliniki kila msimu wa baridi, na bado naletewa watoto waliovalishwa masweta matatu, wamelowa jasho mgongoni, ambao mama zao wanaapa kwamba hawajakanyaga nje wiki nzima. Kinachomkinga mtoto na nimonia kimeandikwa kwenye kadi ya kliniki: chanjo ya nimonia na ile ya pentavalenti (chanjo moja inayokinga magonjwa matano), zinazotolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Itazame kadi hiyo kabla ya kutazama hali ya hewa.

Kuhusu kimeo, naomba jirani yako asikilizwe kwa heshima na asifuatwe. Kimeo huvimba koo linapopata maambukizi, kikaonekana kirefu, na watu wakakihukumu kwa kosa la kuonekana tu. Anayekikata kwa wembe au kisu hatibu kikohozi, bali anamwachia mtoto kidonda kinachoweza kutoka damu isiyozuilika, kuoza, au kuingiza pepopunda na virusi vya UKIMWI iwapo chombo kimetumika kwa mwingine. Hasira yangu ni kwamba wakataji hawa hulipwa, na kikohozi kikipoa chenyewe baada ya muda, kama kikohozi cha mafua kinavyofanya mara nyingi, sifa ni zao. Kikohozi cha mdogo wako kikizidi wiki mbili, au kikirudi kila anapokimbia na usiku, mlete apimwe pumu na kifua kikuu. Usimnunulie antibayotiki dukani, kwa maana haiui virusi vya mafua.

Safari yenyewe haina ugumu mkubwa. Njia ya Ngozi hupita msituni na sehemu ya mwisho ni mwinuko mkali, kwa hiyo wa miaka minne atabebwa mgongoni au mtageuza njiani bila kuona haya. Mtoto anayeburuzwa hadi kileleni ndiye anayekataa safari ijayo. Anzeni na Daraja la Mungu, daraja la asili la mwamba juu ya mto kule Rungwe, ambako hakuna kupanda sana na kuna maji ya kutazama. Mwacheni mkubwa atangulie na achague pa kupumzika. Wavae nguo nyepesi mbili au tatu za kuvua na kuvaa, muwe na koti la mvua na jozi kavu ya soksi, kwa kuwa mtoto aliyelowa hupoteza joto upesi. Chukueni viazi vya kuchemsha na chupa ya chai, na mle mapema, kwa sababu malalamiko mengi ya uchovu ni njaa.

Ninachokiogopa mimi ni jioni mtakaporudi. Familia nyingi za Mbeya, Njombe na Makambako zinazokataza watoto kucheza nje kwa sababu ya baridi ndizo zinazoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango ili walale kwenye joto. Moshi wa jikoni unaovutwa ndani huongeza hatari ya nimonia kwa watoto wadogo, na mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni. Wenye bahati huamka na kichwa kikiuma na kichefuchefu, wakadhani ni malaria. Wengine hawaamki kabisa. Nimesikia wazee wakisema mkaa ukishakuwa mwekundu na kuacha kutoa moshi hauna madhara. Si kweli: hewa hiyo hutoka hata pale usipoona moshi wowote, kwa hiyo jiko libaki nje, na watoto walale na blanketi la ziada.