Tiba asili ya Kithai: nadharia kwanza au mikono kwanza?

Ndugu, umeuliza uanze na nadharia au na kukanda, na kwa nini kifurushi chako cha mitishamba, kile cha kukandia mwili kikiwa moto, hakinukii. Soma vyote sambamba, ila nadharia itangulie kidogo. Shika asili nne za mwili na sehemu zake 42: ardhi 20, maji 12, upepo 6, moto 4. Bila hizo, njia kumi za sen, yaani mistari ya nguvu mwilini inayofuatwa wakati wa kukanda, utazikariri kama kasuku. Kwenye hekalu la Wat Pho, Bangkok, kuna shule ya tiba hii tangu 1955, lakini cheti cha kozi fupi ya kukanda si leseni ya utabibu. Wengi huchanganya hapo.

Kifurushi sasa. Plai, mzizi wa jamii ya tangawizi, iwe nyingi kuliko vyote, kisha manjano, mchaichai, maganda ya ndimu, majani ya mkwaju. Ponda tu, usisage. Unga hupenya kwenye kitambaa. Chumvi na kafuri viingie mwisho, ufunge papo hapo, maana kafuri huruka hewani. Tia kwenye mvuke dakika 15 hadi 20, ujaribu joto kwenye mkono wako. Mwenye homa, kidonda kibichi au jeraha lililovimba leo, mwache. Na mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguu ataungua bila kusikia.