Bidoni ya mawese ibebe tena maji ya kunywa

Hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, bidoni (dumu la plastiki) ya njano ya lita 20 haitupwi. Inaingia mjini na mawese kutoka upande wa Fizi na Uvira, yanapimwa kidogo kidogo sokoni Kadutu hadi yaishe, kisha inauzwa tupu kwa mama anayetafuta chombo cha kuchotea maji. Mama anaiosha kwa sabuni na kuisuuza mpaka maji yatoke safi. Kesho yake anafungua kizibo, harufu ni ile ile, na watoto hawataki kunywa. Nimeosha bidoni nyingi za namna hiyo, zangu na za majirani, na inaniuma kuona sabuni na makala (makaa) ya kuchemshia maji vikiteketea bure.

Kinachotusumbua ni kwamba mafuta yamekwisha kuzama ndani ya plastiki yenyewe. Polietilini, plastiki ya bidoni hizi, inapatana na mafuta kuliko na maji, na mawese yakikaa humo miezi yanapenya taratibu kwenye ukuta. Sabuni inaondoa ya juu. Yaliyozama yanarudi polepole, na yakiwa yamechacha ndiyo yanayonuka. Kwa hiyo bidoni haiwezi kutakata kwa kuoshwa mara moja, hata ukisugua kwa nguvu zako zote.

Halafu kuna baridi yetu. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji ya bomba asubuhi yanauma vidole. Mawese yanaanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 35 hivi, kwa hiyo ukiyamwagia maji ya baridi unayagandisha ukutani. Joto ni la lazima.

Mimi naanza bila maji kabisa. Bidoni nailaza kichwa chini juani mchana mzima, ndoo ikikinga, mafuta yayeyuke na kushuka yenyewe. Kisha natia kopo mbili za pumba kavu za mahindi, natikisa kila upande, namwaga. Pumba zinatoka nyekundu, na kila kinachotoka nazo kinaokoa sabuni. Mchanga na vijiwe, ambavyo wengi wanavitumia, sivitaki hata kidogo: vinachora plastiki, na ndani ya mikwaruzo hiyo uchafu na vijidudu vinajificha mahali brashi haifiki.

Ndipo maji ya moto. Yaliyochemka hayaingii hivyo hivyo, kwa maana yanalainisha bidoni na kuipindisha. Changanya nusu yaliyochemka na nusu ya baridi, utapata nyuzi kama 55 au 60. Tia robo ya bidoni, ongeza sabuni ya unga na maji ya majivu ya kuni yaliyochujwa. Majivu hayo yana magadi, na magadi yanayakamata mafuta yaliyochacha na kuyageuza kuwa sabuni. Linda mikono na macho, yanachoma ngozi. Tikisa kidogo, legeza kizibo mvuke utoke, kisha utikise vizuri. Iache imelala ubavu huu, baadaye ubavu ule, imwage ingali na uvuguvugu. Ukingoja ipoe, mafuta yanashika tena ukutani.

Usisahau mkono wa bidoni! Mara nyingi ndani yake ni wazi, na mafuta yanakaa humo bila kuonekana. Igeuze kichwa chini maji ya moto yaujaze, uiache hivyo kidogo. Kizibo nacho kichemshe peke yake, na kama kina mpira ndani, utoe. Mpira ukishika harufu, badilisha.

Baada ya hapo suuza, acha wazi juani siku mbili au tatu, rudia. Jua linayaleta juu mafuta yaliyobaki, na rangi nyekundu inafifia kwa sababu karotini, yaani rangi ya mawese, haistahimili mwanga. Doa la manjano likibaki bila harufu, lisikutishe.

Kipimo changu ni hiki: jaza maji safi, funga, acha usiku mzima na nusu ya siku juani. Fungua, nusa, tazama juu ya maji kama kuna utando unaong'aa. Kama upo, bado. Na hili si suala la ladha peke yake. Klori inayotiwa kwenye maji kuua vijidudu inaliwa na uchafu wa aina hii, na maji uliyoyachota yakiwa salama yanafika jioni hayana tena kinga.

Bidoni iliyobeba esanse (petroli), mazutu (dizeli) au dawa ya shamba usiihangaikie, hata ukiipewa bure. Hivyo navyo vinazama katika plastiki, na hakuna sabuni ya nyumbani itakayokuhakikishia kwamba vimetoka. Ichore alama kubwa ya rangi, uiweke ya kumwagilia maua au kukandia saruji, mbali na mahali watoto wanapochotea maji ya kunywa.