Maswali ya wasomaji: Mbona jina linatoka na takataka nyuma yake?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi ndo nimeanza lugha ya programu ya C chuoni, nimeandika char jina[5]. Halafu nikanakili jina kwa strncpy(jina, "Amina", 5). Nikiprinti na %s kwangu inatoka Amina safi, ila kwenye laptop ya mwenzangu inatoka Amina na vialama vya ajabu nyuma yake. Kodi ni ile ile! Mbovu ni kompyuta yake au?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kompyuta yake nzima kabisa, mbovu ni kodi, na kwako imebahatisha tu. Amina ni herufi 5, sawa, lakini stringi (maneno) ya C lazima ifungwe na baiti moja ya sifuri, ile '\0', kwa hiyo jina hilo linataka nafasi 6. Sasa printf haijui arei yako (ile safu ya nafasi, jina[5]) ina ukubwa gani, inasoma baiti moja moja mpaka ikute sifuri, isipoikuta inavuka mpaka inasoma chochote kilichofuata kwenye memori, na kwako ilikuta sifuri hapo hapo, kwa mwenzako haikukuta. Kwenye C ukisema "mbona kwangu inafanya kazi" hujathibitisha kitu.

Halafu hii strncpy. Wengi wanafundishwa kwamba ndo salama na inaniuma kweli, maana maneno yakijaza nafasi yote haiweki ile sifuri na wala haikwambii! Tumia snprintf(jina, sizeof jina, "%s", chanzo), yenyewe ikizidiwa inakata ila inafunga. Angalizo, sizeof iite pale pale arei ilipotangazwa, ukishaipitisha kwenye fanksheni inageuka pointa (anwani tu ya memori) na kwenye mashine za biti 64 utapata 8 hata kama arei ni ya 500.

Lupu nazo hivyo hivyo, arei ya 5 inaanza 0 inaishia 4, ukiandika i <= 5 umeshagusa pasipo pako na C haikuzuii.

Usione ni mambo ya darasani. Mwaka 1988 mdudu wa Morris, programu inayojisambaza yenyewe, ilisambaa kwenye kompyuta za mfumo wa Unix, na njia yake mojawapo ilikuwa fingerd, programu ya kutoa taarifa za watumiaji, iliyopokea maneno kwa fanksheni ya gets kwenye nafasi ya baiti 512 bila kupima urefu, na hiyo gets ilikuja kutolewa kwenye C mwaka 2011 tu, miaka 23 baadaye!! Kasoro ya Heartbleed ya 2014 nayo, OpenSSL (maktaba ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni) iliamini urefu iliotajiwa bila kuuhakiki, ikawa inamwaga mpaka kilobaiti 64 za memori ya seva kwa kila ombi, na humo paswedi za watu zilikuwemo.

Kwa hiyo weka jina[6], badilisha hiyo strncpy, halafu kompaili na gcc -Wall -g -fsanitize=address. Ukivuka mpaka wa arei, mara nyingi programu itasimama hapo hapo na kukutajia mstari. Mpe na mwenzako aijaribu kwake.